Kodi ya sigara na sarafu ya hamsini

Kwenye mabanda ya stendi ndogo Arusha, au kando ya soko la Mbuyuni mjini Moshi, wanaonunua sigara kwa pakiti ni wachache. Mangi, yaani mwenye duka, hufungua pakiti, huiegemeza karibu na kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba, na kuanzia hapo fegi huuzwa moja moja. Mjadala wa kodi ya tumbaku, unaofufuka kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma, huzungumzia "sigara elfu moja" na asilimia ya bei ya pakiti. Mvutaji hanunui elfu moja, na mara nyingi hanunui hata pakiti. Wanaotaka kodi ipande na wanaoipinga, wote hukosea hesabu wanapolisahau hilo.

Tuanze na muundo wenyewe. Ushuru wa bidhaa hutozwa kwa kila sigara elfu moja, na sigara zimegawanywa katika madaraja matatu: zisizo na kichungi zenye tumbaku ya nchini kwa zaidi ya asilimia 75, zenye kichungi na tumbaku ya nchini kwa kiwango hichohicho, na sigara nyinginezo. Katika mwaka wa fedha 2017/18 viwango vilikuwa shilingi 12,447, 29,425 na 53,235. Natumia viwango vya mwaka huo kwa sababu vinauonyesha muundo vizuri, na kasoro iko kwenye muundo. Kwa pakiti ya sigara 20, daraja la kwanza lililipa shilingi 249 hivi, la pili 589, la tatu 1,065.

Ongezeko la mwaka huo lilikuwa asilimia 5. Masikioni linasikika kubwa. Kwa sigara ya kichungi ya daraja la pili, ushuru ulitoka 28,024 hadi 29,425 kwa elfu moja, yaani shilingi 1.40 kwa sigara moja. Ongeza VAT ya asilimia 18 juu yake, unapata 1.65. Sasa nani atamdai mteja shilingi moja na senti 65? Chenji ndogo inayozunguka dukani ni hamsini.

Tuchukue bei za mfano: pakiti shilingi 3,000, sigara moja 200. Mwenye duka anayeuza moja moja anapata 4,000 kwa pakiti, faida 1,000. Ushuru ukipandisha pakiti hadi 3,050 au hata 3,200, yeye hupunguza faida yake kidogo na bei ya mia mbili inabaki palepale. Mvutaji hajaguswa. Serikali imepata fedha kidogo, na kwa afya hakuna kilichobadilika. Hapa wapinzani wa kodi wana hoja ya kweli wanaposema kodi imepandishwa mara nyingi na watu bado wanavuta. Ila jambo wanalolithibitisha ni udogo wa ongezeko. Kushindwa kwa kodi yenyewe hawajakuthibitisha.

Ili bei ya sigara moja iruke sarafu moja, kutoka 200 hadi 250, pakiti lazima ifike karibu na 4,000, maana hapo faida ya mwenye duka kwa bei ya zamani inakuwa sifuri. Hiyo inadai nyongeza ya shilingi 50 kwa sigara, VAT ikiwa ndani, kwa hiyo ushuru wenyewe wa daraja la pili unapanda kwa 42.4, kutoka 29.4, na kufika kama 71.8. Tafiti katika nchi za kipato cha chini na cha kati zimeonyesha kwamba bei ikipanda asilimia 10, uvutaji hupungua kwa takriban asilimia 5. Kutoka 200 hadi 250 ni asilimia 25, kwa hiyo tarajia upungufu wa asilimia 12 hivi. Penye sigara 100 zilizouzwa zamani zitauzwa 88. Ushuru kwa zile 100 ulikuwa shilingi 2,943. Kwa hizi 88 ni zaidi ya 6,300. Mauzo yameshuka na mapato yamezidi mara mbili.

Hata hapo, tukijumlisha ushuru na VAT, kodi ni nusu tu ya bei ya pakiti. Kabla ya mruko huo ilikuwa asilimia 35. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kodi zote zifike angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja. Mwenye kudai kwamba tumeshafika kikomo afanye hesabu hii kwanza.

Madaraja nayo yana madhara yake. Anayeshindwa kununua sigara ya bei ya juu si lazima aache, anaweza kushuka daraja. Kuwepo kwa daraja la bila kichungi linalolipa chini ya nusu ya lile la kichungi ni sawa na kumwekea ngazi ya kushukia. Kichungi hakipunguzi madhara kama watu wanavyodhani, kwa kuwa mvutaji huvuta kwa nguvu zaidi au mara nyingi zaidi hadi apate nikotini aliyoizoea. Basi hakuna sababu ya kiafya ya kuyatofautisha. Sababu inayotolewa ni mkulima wa Tabora, Urambo na Chunya. Namheshimu mkulima huyo, lakini sehemu kubwa ya tumbaku yake husafirishwa nje ya nchi, na bei yake haiamuliwi na fegi inayouzwa mtaa wa Unga Limited, Arusha. Kiwango kimoja kwa sigara zote kingeziba ngazi hiyo bila kumgusa sana. Kenya imekwenda njia hiyo: tangu Desemba 2024 sigara zenye kichungi na zisizo nacho zinalipa sawa, shilingi za Kenya 4,100 kwa elfu moja.

Kuna pia mfumuko wa bei. Kiwango cha shilingi kikikaa miaka mitatu bila kuguswa, na bei za vitu zikipanda asilimia 4 kila mwaka, thamani yake halisi imepungua kwa kama asilimia 11. Sigara inakuwa nafuu huku kila mtu akiamini kodi iko palepale.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni maskini. Kibarua wa Kiboriloni, Moshi, na mwajiriwa wa benki wanalipa ushuru uleule kwa sigara moja, na kwa kibarua ni sehemu kubwa zaidi ya kipato. Hilo ni kweli na halifutiki. Jibu la kawaida la watetezi ni kwamba maskini ndiye anayepunguza zaidi bei ikipanda, kwa hiyo ndiye anayefaidika zaidi kiafya. Nalo ni kweli, kwa yule anayeacha. Anayeshindwa kuacha anabaki na nikotini mwilini na mfuko mtupu, na watoto wake wanalipa pamoja naye. Kwa maoni yangu, serikali inayopandisha kodi bila kuweka msaada wa kuacha imefanya nusu ya kazi. Dawa za kubadilisha nikotini, kama bigijii na plasta za ngozi, ziko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na vidonge vya kusaidia kuacha, vareniklini na bupropioni, viliongezwa 2021. Dawa hizi zinapaswa kuwa zahanati, na fedha za kuzinunua zinatoka kwenye ushuru huohuo.

Na kwetu kuna makundi ambayo msaada huo ungeanzia. Wachimbaji wa Mirerani wanavuta vumbi la silika ardhini. Mchimbaji akiwa pia mvutaji, mapafu yake yana mizigo miwili, na sigara yenyewe huongeza hatari ya kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, inawafahamu wagonjwa wa aina hii vizuri. Wagumu wanaobeba mizigo Kilimanjaro ni kundi jingine. Kaboni monoksidi ya moshi hung'ang'ania damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, na Kibo Hut iko mita 4,720, ambako oksijeni tayari ni haba. Kuacha kuvuta siku mbili kabla ya kupanda huiondoa kaboni monoksidi hiyo karibu yote mwilini. Hakuna gharama hapo, ila mtu wa kumweleza mgumu huyo getini.

Halafu mpaka. Namanga upande wa Arusha, Holili na Tarakea upande wa Kilimanjaro, na kati yake njia za panya za Rombo ambazo mtu hupita kwa dakika chache. Kila kodi inapotajwa, tunaambiwa sigara za magendo zitafurika. Lakini magendo kutoka kwa jirani hulipa pale kodi ya jirani inapokuwa ndogo. Shilingi 4,100 za Kenya kwa elfu moja ni 4.1 kwa sigara, kama shilingi 80 zetu. Ushuru wetu ungeruka hadi 72 kama tulivyohesabu, bado ungekuwa chini ya wao. Kwa hesabu ya kodi peke yake, hakuna anayevusha sigara zilizolipiwa Kenya aje kuziuza Rombo kwa faida.

Hatari halisi ni sigara zisizolipiwa popote: mzigo ulioandikwa kuwa unapita kwenda nchi nyingine kisha ukashushwa njiani, au chapa za bandia. Huo hauzuiliwi na kodi ndogo. Unazuiliwa na ukaguzi. Tangu Januari 2019 pakiti zina stempu za kielektroniki ambazo hata mnunuzi anaweza kuzihakiki kwa simu. Tatizo ni lilelile la fegi moja moja: anayenunua moja haioni stempu, wala haoni onyo la afya. Pakiti inabaki kwa muuzaji. Ukaguzi wa maana basi ni wa kaunta, pakiti iliyofunguliwa ikishikwa na kuhakikiwa mbele ya muuzaji. Kukagua maghala makubwa peke yake kunaacha tundu palepale magendo yanapouzwa.

Kitu ambacho watetezi wa kodi hukipita haraka ni ugoro. Unauzwa sokoni kwa kijiko au kwenye vifuko, umesagwa na kuchanganywa na magadi, na hauna stempu yoyote. Magadi si ya ladha tu: huufanya ugoro kuwa wa kialkali, na katika hali hiyo nikotini hupenya ngozi laini ya pua na mdomo kwa kasi zaidi. Sigara ikipanda bei sana, baadhi watahamia huko. Kumtoza kodi mama anayeuza ugoro soko la Kilombero, Arusha, si jambo linalotekelezeka, na sioni haja. Ila takwimu zinazohesabu sigara tu zitatangaza ushindi ambao haupo.

Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, inadai kipimo chake. Upande mmoja unasema haina moshi wa kuungua, kwa hiyo haina lami wala kaboni monoksidi kwa kiwango cha sigara, na mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yanaonyesha kati ya wavutaji 100 wanaojaribu kuacha kwa vepu yenye nikotini, 8 hadi 11 hufanikiwa, dhidi ya 6 wanaotumia bigijii au plasta na 4 wasio na msaada wa dawa. Upande wa pili unaonyesha vijana ambao hawakuwahi kuvuta wakianza na kifaa chenye ladha ya embe. Wote wawili wako sahihi, na uzito unategemea nchi. Uingereza, yenye mamilioni ya wavutaji wa muda mrefu, ina wengi wa kuokoa. Hapa utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 8.7 tu ya watu wazima wanatumia tumbaku, wanaume 14.6 na wanawake 3.2. Wasiovuta ndio wengi mno, na ndio soko ambalo muuzaji wa vepu wa Njiro, Arusha, analitazama. Kwa hiyo naegemea kwenye tahadhari.

Lakini tahadhari si kuitoza zaidi ya sigara. Kenya inatoza shilingi zake 100 kwa kila mililita ya kimiminika. Mililita 2 zenye miligramu 20 za nikotini kwa mililita, ambacho ndicho kikomo cha Ulaya, mara nyingi hulinganishwa na pakiti moja ya sigara. Hizo ni shilingi 200 za ushuru, wakati pakiti inalipa 82. Mvutaji anayetaka kuhama anaambiwa na kodi abaki kwenye moshi. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, lililoweka kodi ya asilimia 95 ya bei ya jumla kwa vepu, watafiti walikuta ilipunguza idadi ya watu wazima walioacha sigara. Kodi kwa mililita ina kasoro nyingine pia: inamtuza anayetengeneza kimiminika kikali, miligramu 50 badala ya 20, kwa ushuru uleule. Afadhali kikomo cha ukali kiwekwe kwanza, kisha kodi ihesabiwe kwa miligramu ya nikotini, chini ya ile ya sigara lakini juu kiasi kwamba mwanafunzi haimudu kwa posho ya wiki.

Kupiga marufuku kabisa ni rahisi kutangaza. Afrika Kusini ilizuia uuzaji wa sigara kuanzia 27 Machi hadi 17 Agosti 2020, na wavutaji wengi waliendelea kununua, kwa bei kubwa zaidi, kwa wauzaji wasiolipa kodi. Mitandao iliyokua wakati huo haikufungwa siku marufuku ilipoondolewa.

Lolote litakaloamuliwa, tarehe ya kuanza ina hila yake. Viwango vipya huanza 1 Julai, hotuba husomwa Juni, na katika wiki hizo mbili tatu shehena za kiwango cha zamani hujazwa maghalani na kuuzwa kwa bei mpya. Tofauti inaingia mfukoni mwa msambazaji. Mruko wa sarafu nzima utafanya faida hiyo ya kulundika kuwa kubwa kuliko ilivyowahi kuwa. Namna ya kuziba mwanya huo ni kupunguza idadi ya stempu zinazotolewa Mei na Juni hadi wastani wa miezi iliyotangulia, na kuhesabu shehena iliyopo kiwandani na kwa wasambazaji usiku wa 30 Juni, kisha kuidai tofauti ya ushuru kabla lori halijatoka.