Selten alibishana na hesabu zake mwenyewe

Kuchimba mkwara tunakujua sote. Mwenye duka anamwambia kijana anayetaka kufungua jingine mtaa huo huo: "Ukithubutu, nitauza kwa hasara mpaka ufunge." Mwaka 1965 mchumi Mjerumani Reinhard Selten alionyesha namna ya kupima vitisho vya aina hiyo. Anzia mwisho, kisha rudi nyuma: kijana akishafungua, mwenye duka atapata faida gani kwa kuuza kwa hasara? Kama hakuna, mkwara ule ni maneno matupu. Wazo hilo, aliloliandika kwa Kijerumani, lilimfikisha kwenye tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994, pamoja na John Nash na John Harsanyi.

Lakini mimi nampendea makala yake ya 1978. Humo kuna kampuni yenye maduka katika miji 20, na kila mji una mshindani anayetaka kuingia. Hesabu yake Selten, ukianzia mji wa mwisho na kurudi nyuma, inasema kampuni isimpige vita hata mmoja. Naye akaandika waziwazi kwamba angekuwa yeye mwenye kampuni, asingeifuata: angewabana wa mwanzo ili wa nyuma waogope. Wasomi wangapi wanaweza kukiri hivyo kuhusu kazi iliyowajengea jina?

Alizaliwa Breslau, mji wa Ujerumani wakati huo, mwaka 1930, baba Myahudi, mama Mprotestanti. Chini ya utawala wa Wanazi alilazimika kuacha shule akiwa na miaka 14, na hata kujifunza ufundi akanyimwa. Alieleza baadaye kwamba maisha yale yalimfundisha kuamini akili yake kuliko propaganda na maoni ya wengi. Alifanya kibarua shambani, kisha akarudi shule mjini Melsungen, akitembea kwa saa nyingi huku akifumbua maswali ya jiometri kichwani. Udaktari wake wa 1961, Frankfurt, ni wa hisabati. Uchumi aliupata akiwa msaidizi wa Heinz Sauermann, na pamoja walifanya majaribio: waliwaketisha watu na kutazama wanavyoamua. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Bonn, akaja kuanzisha maabara ya kazi hiyo hiyo.

Chuoni sisi tulipewa hesabu ya 1965 tu, tukaikariri kwa ajili ya mtihani. Majaribio hayakutajwa, wala shaka yake. Hilo linaniuma, maana tulitoka tukidhani binadamu ni kikokotoo, na kwamba mwenye wazo hilo hakuwahi kulitilia shaka. Wahadhiri, makala ile ya 1978 ifundisheni wiki ile ile mnayofundisha hesabu ya 1965.