Kabla ya kulipa tuisheni

Jioni moja nilikuwa Mtopanga, Mombasa, barazani kwa dada yangu. Mpwa wangu yuko Gredi ya 4. Mbele yake palikuwa na karatasi ya maswali 40 ya kuchagua jibu, ile ile waliyopewa watoto wenzake watano wa tuisheni, naye alikuwa akizungushia herufi mbio mbio: A, C, C, B. Nikamwomba anisomee swali la saba. Akaweka kidole chini ya neno "kibatari", akalitazama kidogo, akasema "kitabu". "Mkoba" akausoma "mkono". Alikuwa akishika mwanzo wa neno na kubahatisha yaliyobaki. Dada alikuwa ameshalipa miezi mitano, shilingi 2,000 kila mwezi, ili mtoto ajibu maswali asiyoweza kuyasoma.

Niseme mapema kwamba dada hakufanya ujinga. Mabishano kuhusu tuisheni mara nyingi huanza kwa kuwalaumu wazazi, kana kwamba wanatupa pesa kwa kupenda sifa. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, wanafunzi wa shule za msingi nchini Kenya walipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja, na madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Chukua darasa la watoto 60, jambo la kawaida katika shule nyingi za umma za Kisauni au Likoni. Kipindi ni dakika 35. Mwalimu akiamua kumsikiliza kila mtoto, kila mmoja atapata sekunde 35, na hapo bado hajafundisha lolote. Juu ya hayo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mtoto kurudishwa darasa. Nia yake ni njema, maana kurudia darasa huvunja moyo na huwafanya wengi waache shule. Lakini mtoto aliyetoka Gredi ya 2 bila kujua kusoma huingia ya 3, kisha ya 4, na deni lake linazidi kukua. Tathmini za Uwezo, shirika linalopima watoto kusoma na hesabu, za muongo uliopita ziliona kuwa karibu watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Mzazi anayeliona hilo nyumbani kwake atafanya nini? Atamtafuta mwalimu.

Wanaoipinga tuisheni nao wana hoja nzito. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo kinakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwalimu anayemfuata mtoto nyumbani jioni siye aliyelengwa na kifungu hicho, ila wasiwasi ni ule ule. Kwanza, mwalimu wa darasa anayefundisha pia tuisheni ana kishawishi cha kufundisha nusunusu mchana ili jioni iwe na wateja. Nimewaona wazazi wakilipa kwa hofu ya kwamba mtoto asiyehudhuria atasahaulika darasani. Pili, kuna mwili wa mtoto wenyewe. Wengi hapa Mombasa huamka alfajiri, wakatoka shule wakaenda chuoni, yaani madrasa, kwa ustadhi, na baada ya magharibi wakaketi tena kwa tuisheni. Usingizi ndio unaoyatuliza kichwani yale mtoto aliyojifunza mchana. Ukimpunguzia saa za kulala umeichukua pia sehemu ya somo ulilolilipia.

Nikipima pande hizi mbili, naona zote zinabishana juu ya saa: ziongezwe au zipunguzwe. Kinachofanyika ndani ya saa hizo hakiulizwi. Mwaka 2005 watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walianza majaribio katika shule 121 za magharibi mwa Kenya zilizoongezewa mwalimu wa darasa la kwanza. Katika takriban nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kiwango chao cha kujua, na katika nyingine waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja na nusu, watoto waliogawanywa kwa viwango walikuwa mbele ya wenzao, walioanza wakiwa dhaifu na walioanza wakiwa hodari vile vile. Mwalimu mwenye watoto wa kiwango kimoja aliweza kuanzia pale walipo. Kuna wanaoogopa kwamba kugawanya hivyo humpachika mtoto jina la "mzito", na hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu mitaani majina kama hayo hayatoki kirahisi. Lakini mtoto aliye Gredi ya 4 bila kusoma tayari ameshapewa jina hilo na wenzake, na msaada hajaupata.

Sisi watu wa pwani mbinu hii hatukuisubiri itoke vitabuni. Chuoni mtoto huanza na alifu, kisha irabu, kisha kuunganisha herufi, na havuki mpaka ustadhi amsikilize yeye peke yake na kuridhika. Wenye miaka sita na wenye miaka kumi waweza kuketi mkeka mmoja, kila mmoja pahali pake, na hakuna aibu. Chuo nacho kina kasoro zake, kiboko kikiwa cha kwanza, na kuhifadhi kwa sikio kunaweza kuficha mengi. Hata hivyo ule utaratibu wa kumsikiliza mtoto mmoja mmoja ni hazina, na nashangaa tunauacha mlangoni tukienda kutafuta tuisheni.

Na ni ustadhi aliyetufumbua macho. Dada alipomuuliza, alijibu: "Mama, huyu mtoto anahifadhi vizuri sana. Lakini nikimfungulia ukurasa katikati, herufi hazijui. Anasoma kwa masikio." Jibu hilo lilikuwa na faida kuliko karatasi zote za tuisheni. Mtoto anayesoma Kiswahili bila shida na kukwama kwenye Kiingereza huenda hana tatizo la kusoma: anahitaji kuisikia na kuizungumza zaidi lugha ambayo nyumbani haitumiki. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Anayekwama ndani ya Kiswahili, na akakwama pia katika herufi za Kiarabu, shida yake iko kwenye kuunganisha herufi na sauti. Huenda ni kukosa msingi tu. Huenda ni disleksia, hali ya ubongo ambayo haihusiani na akili ya mtoto na mara nyingi hupatikana kwa zaidi ya mmoja katika ukoo. Kugeuza b na d kwa mtoto wa miaka sita ni jambo la kawaida. Akiendelea nalo hadi miaka tisa na kusoma hakusogei, inafaa kuchunguzwa.

Uchunguzi huo nao una ngazi. Macho na masikio kwanza, maana mtoto asiyeuona ubao huitwa mvivu bure. Wako wanaomwandikia mtoto kombe, yaani aya zinazoandikwa kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na maji yake yakanywewa. Sioni ubaya wa dua ya mzazi, ila isimzuie kwenda pia kupimwa. Baada ya hapo kuna vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, vile vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanza nchini mwaka 1984. Humpima mtoto na kushauri asaidiwe vipi na asome wapi. Wazazi wengi niliozungumza nao hawajawahi kuvisikia, na waliosikia wanaviogopa: wanadhani mtoto akipimwa tu atapelekwa shule ya walemavu.

Hofu hiyo ina chanzo. Mombasa ina Shule ya Wasioona ya Likoni, shule ya viziwi ya Ziwani, Port Reitz kwa wenye ulemavu wa viungo, na Tom Mboya kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Ulemavu unaoonekana una mlango wake, hata kama hautoshi. Mtoto wa kati, anayeona, anayesikia, anayecheza mpira vizuri na asiyeweza kusoma sentensi, ndiye asiye na mlango. Hapo ndipo tuisheni inapoingia, na ndiyo sababu siwezi kusema ifutwe. Nasema tu mzazi amuulize mwalimu maswali mawili kabla ya kutoa pesa: mtoto huyu umempima yuko wapi, na utaanzia wapi? Mwenye kujibu "tutamaliza silabasi" hamfai mtoto asiyejua silabi.

Dada alimtoa mtoto kwenye kundi. Sasa anakuja kijana aliyehitimu ualimu na bado anasubiri ajira, nusu saa kwa siku, siku nne kwa wiki, kwa shilingi 3,000. Ni saa nane kwa mwezi badala ya saa 40 za awali, na mume wa dada hakuelewa kwa nini alipe zaidi kwa muda mdogo mpaka alipoketi akasikiliza. Wanafanya sauti tu: ba, da, mba, nda. Mtoto anaandika kwa kidole kwenye sinia yenye mchanga huku akitamka, kisha daftarini, na kila siku wanarudia ya jana kabla ya kugusa jipya. Wiki sita zimepita. Mwendo ni wa polepole na hakuna wa kumdanganya dada kwamba mwakani mtoto atawafikia wenzake.

Ripoti ya muhula ilikuja na "chini ya matarajio" karibu kila somo, na maneno ya mwalimu wa darasa: aongeze bidii. Dada alikwenda shuleni akaomba mambo mawili: mtoto akae mbele, na kwenye mitihani ya darasani asomewe maswali ajibu kwa mdomo, ili ijulikane anachokielewa. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu. Kuhusu kiti alikubali siku ile ile. Kuhusu kusomewa alisema ana watoto 60, na akiwa anamsomea mmoja, wale wengine amwachie nani? Dada hakuwa na jibu. Tarehe ya EARC ni mwezi ujao, na anataka arudi shuleni na barua mkononi.