Agosti Kaskazini, Disemba Kusini: Kuchagua Mji wa Ufuoni kwa Likizo ya Familia

Kila inapokaribia Agosti, shule zikiwa mbioni kufungwa kwa likizo ya muhula wa pili, nyumba nyingi za Mombasa huingia katika mjadala ambao watu wa bara huushangaa: safari hii twende ufuo gani? Mgeni hujiuliza mtu wa kisiwani, ambaye kila uchao huvuka maji kwenda kazini, ana haja gani ya kufunga virago aende kulitazama bahari lile lile mahali pengine. Anayekaa Majengo au Kisauni hahitaji kuelezwa. Bahari ya kila siku ni njia, ni soko na ni harufu inayoingia dirishani; kuistarehekea huhitaji mtu aondoke nyumbani, azime simu ya kazini na alale mahali ambapo hakuna jirani wa kumgongea mlango.

Katika ukoo wetu mjadala huo una pande mbili zilizokwisha kukomaa. Dada yangu mkubwa ni wa Diani, na hakuna hoja iliyowahi kumtikisa. Mjomba ni wa Watamu, naye hupenda kukumbusha kwamba alianza kwenda huko kabla dada hajajua kuogelea. Nimewasikiliza wote wawili kwa miaka mingi, nimelala kote kote, na nimefikia uamuzi ambao haumfurahishi yeyote kati yao.

Kabla ya hapo, ni haki kulitaja pendekezo la wasiotaka kwenda popote. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi hauna kiingilio, matatu hukushusha karibu, watoto hukodi tyubu za magari wakaelea, na viazi karai, kachri na mabuyu hupatikana kila hatua chache. Kwa siku moja hakuna panapoushinda. Kwa siku tano, hata hivyo, kila jioni utarudi nyumbani kwako, kwenye vyombo vyako na bili zako, na hiyo haitakuwa likizo.

Hoja ya Diani huanza na mchanga. Ni mweupe, laini kama unga uliochekechwa, na umenyooka kwa kilomita nyingi kusini mwa Mombasa, umbali wa kilomita thelathini na kitu kutoka kisiwani. Mbele yake kuna mwamba unaokwenda sambamba na pwani, ambao huyavunja mawimbi makubwa kabla hayajafika, hivi kwamba maji yaliyo ndani ya mwamba huwa kama bwawa pana ambamo mtoto wa miaka sita anaweza kusimama. Nyuma ya mchanga kuna mabaki ya msitu ambamo mbega weusi kwa weupe wangali wanaruka juu ya barabara. Penye mlango wa Mto Mwachema, chini ya mibuyu mikongwe, upo msikiti wa Kongo, unaoaminika kuwa wa karne ya 14, na ambao waumini bado wanaswali ndani yake. Kaya Kinondo, mmojawapo wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008, iko karibu, na anayetaka kupumzika na chumvi anaweza kupanda hadi Shimba Hills, hifadhi pekee nchini Kenya yenye palahala, aina ya swala mkubwa.

Udhaifu wa Diani, kwa miaka mingi, ulikuwa Likoni. Kila aliyewahi kukaa katika foleni ya feri akiwa na watoto watatu na samaki wanaoanza kunuka kwenye buti ya gari anajua kwamba safari ya kilomita thelathini ingeweza kula nusu siku. Barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka bandari kupitia Mwache na Mteza hadi upande wa Kwale, imeipunguza nguvu hoja hiyo kwa wenye magari. Anayesafiri kwa miguu na matatu bado atapanda feri, tena bila nauli, kisha atachukua gari la Ukunda na kumalizia kwa tuktuk. Nadhani watu wa Watamu wanaoendelea kuitaja Likoni kana kwamba hakuna kilichobadilika hawatendi haki.

Watamu iko kaskazini, zaidi kidogo ya kilomita mia moja, baada ya Mtwapa na misongamano yake na baada ya daraja la Kilifi. Ni mji mdogo, na udogo wake ndio utajiri wake. Ndani ya mwendo mfupi wa tuktuk kutoka ufuoni unafika kwenye magofu ya Gedi, mji wa Waswahili uliostawi na kuachwa karne ya 17, wenye jumba la kifalme, msikiti mkuu, visima na kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399. Mwaka 2024 Gedi uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ng'ambo ya barabara kuu uko msitu wa Arabuko-Sokoke. Upande wa kusini ni Mida, hori lenye mikoko ambapo unaweza kutembea juu ya daraja la mbao katikati ya miti na kula kaa jua likizama. Baharini iko hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, ambazo ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za baharini barani Afrika. Fuo zenyewe si ndefu kama Diani. Ni ghuba zilizokatwa na majabali na visiwa vidogo ambavyo maji yakikupwa unavifikia kwa miguu.

Dosari ya Watamu ni kwamba Agosti ni msimu wa wageni wa Ulaya, hasa Waitaliano, ambao mizizi yao katika eneo hilo ni mirefu. Serikali ya Italia ilijenga kituo cha kurushia roketi cha San Marco pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, katika miaka ya 1960. Mchuuzi wa ufuoni atakusalimu kwa Kiitaliano kabla hajakutazama usoni vizuri, na bei ya kwanza atakayokutajia itakuwa ya Kiitaliano pia. Ukimjibu kwa Kiswahili cha Mombasa, bei hushuka, ila kwa nyumba za kupanga haishuki kirahisi hivyo.

Mpaka hapo pande zote mbili ziko sawa, na ndiyo maana dada na mjomba hawajapatana. Kosa lao, kwa maoni yangu, ni kwamba wote wawili hulinganisha miji kama vile upepo ni ule ule mwaka mzima. Pwani yetu ina pwani mbili ndani yake. Kuanzia mwezi wa Aprili au Mei hadi Septemba huvuma kusi, upepo wenye nguvu kutoka kusini, unaoichafua bahari, unaoleta mvua na mawimbi, na unaong'oa nyasi za baharini na kuzilaza ufuoni kwa marundo. Kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi huvuma kaskazi, maji yakawa matulivu na angavu, na jua likawa kali. Picha zote za Diani na Watamu zinazozunguka kwenye simu zetu zimepigwa wakati wa kaskazi. Mtu huzitazama Julai, akalipa nyumba ya Agosti, kisha akalalamika kwamba alidanganywa.

Kwa hiyo katika Agosti sifa kuu ya Diani, yaani maji, ndiyo inayopungua. Bwawa la ndani ya mwamba bado linafaa kuogelea, lakini safari za boti za kwenda hifadhi ya baharini ya Kisite na kisiwa cha Wasini, ambazo kwa wengi ndizo kilele cha likizo ya kusini, hukumbana na bahari iliyochafuka, na kutapika ndani ya boti si starehe ya mtu. Watamu nayo hupoteza uangavu wa hifadhi yake. Anayepanda mashua ya sakafu ya kioo mwezi huo asitegemee kuona samaki kama anayeipanda Februari. Tofauti ni kwamba Watamu ikipoteza bahari hubaki na nchi kavu: Gedi, msitu na Mida vyote viko karibu kiasi kwamba mawingu ya asubuhi hayaharibu siku. Juu ya hayo kusi ina zawadi zake huko. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita katika bahari yetu wakitoka kwenye maji ya baridi ya kusini kuja kuzaa, na kutoka Watamu boti hutoka kwenda kuwatazama. Tena kasa wengi hupanda kutaga katika miezi hii ya kusi, hivyo familia yenye bahati inaweza kuona vifaranga vikikimbilia majini.

Disemba mizani hugeuka. Bahari ikitulia, Diani hurudishiwa kila kitu, Kisite hufunguka, na ule mchanga mrefu huwa na nafasi ya kutosha hata watu wa Nairobi wanapoteremka kwa wingi na treni. Ghuba za Watamu, kwa udogo wake, hubanana. Ukweli ni kwamba maji ya hifadhi ya Watamu huwa bora zaidi wakati huo, na mjomba ana haki ya kunikumbusha; lakini kwa familia yenye watoto wengi ambao haja yao ni kukimbia na kuchezea maji mafupi, Diani ya Disemba inanishawishi zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo mijadala ya nyumbani huliacha, ingawa wazee wetu hawakulisahau kamwe, nalo ni mwezi. Kwa siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu huwa ni bamvua, na tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Siku hizo, saa nne asubuhi maji huwa yamekupwa yakaacha mwamba wazi, na saa kumi jioni yamejaa tele. Baada ya juma moja huja maji mafu. Saa hujigeuza, maji yakawa yamejaa kiasi asubuhi na kupwa alasiri, na kupanda na kushuka kwake ni kudogo. Familia inayopenda kuogelea asubuhi kabla jua halijawa kali inafaa iende wakati wa maji mafu. Ile ambayo watoto wake wanapenda kuchungulia vidimbwi vya mwamba na kuvifikia visiwa vya Watamu kwa miguu iende bamvua. Bamvua likikutana na kusi, katika sehemu kadhaa za Diani maji ya jioni hupanda hadi kwenye kuta za majumba na mchanga wote ukapotea kwa saa mbili tatu. Nimeshangaa mara nyingi kwamba watu wanaofuata mwezi kwa makini ili kujua siku ya Idi hawautazami wanapolipia nyumba ya ufuoni.

Suala la njia ya kufika majini nalo linastahili uzito kuliko linavyopewa. Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 2010 inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Ufuo, kwa hiyo, si mali ya hoteli wala ya mwenye ploti. Lakini ardhi iliyo nyuma yake ina wenyewe, na vijia vya umma vinavyopita katikati huzibwa kimya kimya. Mwaka mmoja, upande wa kusini, mlinzi alitugeuza kwenye kijia tulichokipita likizo iliyotangulia, tukazunguka nusu saa nzima na vikapu mikononi, mama akiwa na buibui na jua likiwa utosini. Watamu, kwa kuwa kijiji chenyewe kimegusana na ufuo, tatizo hilo nimeliona kidogo zaidi. Kwa familia ambayo wanawake wake huingia majini na dera na hawapendi kukodolewa macho na wageni wa hotelini, kuwa na ufuo wa wanakijiji ni jambo la kwanza, si la mwisho.

La mwisho ni jiko, ambalo wanaume wa ukoo wetu hulisahau. Nyumba ya kupanga yenye jiko ni nafuu kuliko hoteli, na samaki hununuliwa kwa wavuvi asubuhi wakiwa bado wanang'aa. Lakini kama anayewapaka nazi ni mama yule yule anayewapaka nyumbani, basi familia nzima imekwenda likizo isipokuwa yeye. Dada hupenda Diani kwa sababu nyumba nyingi za huko hupangishwa pamoja na mpishi, na hoja hiyo, nakiri, ndiyo pekee ambayo mjomba hajawahi kuijibu. Watamu wapishi wapo pia, ila ni lazima uulize mapema na ukubaliane ujira kabla hujafika.

Hivyo pendekezo langu ni kwenda kinyume na upepo ulikotoka: kusi ikivuma, tuelekee kaskazini, kaskazi ikivuma, tuelekee kusini. Ndivyo majahazi yalivyosafiri katika bahari hii, yakiletwa na kaskazi kutoka Arabuni na kurudishwa na kusi, ingawa manahodha hao hawakuwa na shule za kuwafungia likizo. Mwaka huu tumekubaliana Watamu kwa Agosti, juma la maji mafu, na mpishi ameshatafutwa. Dada amekubali kwa sharti moja, kwamba nyumba ya Diani ya Disemba ilipiwe amana kabla hatujavuka daraja la Kilifi, na mjomba ndiye aitoe.