Serengeti imejaa? Imejaa nani?

Kila mwaka ikikaribia Julai ushauri uleule hurudi. Usiende Serengeti, kumejaa. Usiende Nungwi, kumeharibika. Ngorongoro utahesabu magari kabla hujamwona simba. Nenda Ruaha, nenda Katavi, nenda Kilwa ukatulie. Wanaoutoa ni watu waliotembea, wengine wamekanyaga hifadhi ambazo mimi nazijua kwa jina tu, na sidhani kama wanasema uongo. Ila kila nikiwasikia najiuliza: imejaa nani?

Darasani kwetu tulikuwa zaidi ya arobaini. Simba tulimjua kwa noti ya elfu mbili. Kati ya wale ninaowasiliana nao mpaka leo, waliokwishaiona Serengeti kwa macho hawamalizi vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao aliiona kwa sababu alikuwa kondakta wa basi la Arusha kwenda Musoma, lile linalokatisha Ngorongoro na Serengeti huku abiria wakichungulia dirishani. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba pale pameshajaa, atafute pengine, ni kama kumpokea mgeni mlangoni na kumwambia pilau limekwisha, kuna kiporo.

Chanzo cha maneno haya nakifahamu. Ulaya wamechoka na wageni, na kuchoka kwao kuna haki. Venice, ule mji wa kale ulio juu ya maji, umebaki na wakazi wasiofika 50,000, na wageni wanaoukanyaga kwa mwaka ni mamilioni juu ya mamilioni. Aprili 2024 mji ukaanza kuwatoza euro 5 wanaoingia na kutoka siku hiyohiyo. Barcelona, Julai ya mwaka huo, waandamanaji waliwarushia maji watalii waliokuwa wamekaa mezani wakila. Ukiishi mtaa ambao duka la mkate limegeuka la kuuza sumaku za kubandika kwenye friji, utaandamana tu.

Ila dawa ya mwenzio usiinywe kabla hujajua anaumwa nini. Tanzania nzima ilipokea watalii wa nje kama milioni 2.1 mwaka 2024, na tukashangilia kwa sababu hatukuwa tumewahi kufika hapo. Serengeti ina kilometa za mraba 14,763. Ungewachukua wageni wote wa mwaka mzima, waliokwenda ufukweni, mlimani na mikutanoni, ukawamwaga Serengeti siku moja, wasingefika watu 150 kwa kilometa ya mraba. Kariakoo wangecheka.

Najua hesabu hiyo ina ujanja. Watalii hawasambai kama mbegu shambani. Wanakwenda walipo nyumbu, na nyumbu wana mahali pao pa kuvukia. Julai 2025 ilisambaa video ya Kogatende, ukingoni mwa Mto Mara: watu wameshuka kwenye magari, simu juu, wamejipanga pale ambapo wanyama walitakiwa kupita, na nyumbu waliokuja kuvuka wanarudi nyuma. Video ile ilinitia aibu. Mnyama amesafiri miezi kufuata mvua na majani, anafika mtoni anakuta ukuta wa viatu. Anayetaka kunitetea Serengeti bila kuitaja Kogatende asinitetee.

Lakini angalia video ile ilipigwa wapi na lini. Ni vivuko vichache, kwa majuma machache ya mwaka. Februari nyumbu haohao wako kusini, tambarare za Ndutu, wakizaa, na mto hauna habari nao. Mimi nilipita Lobo, kaskazini mwa Serengeti, mwezi Machi, nikakaa chini ya mti na chai ya chupa zaidi ya nusu saa, gari lililopita ni moja, tena la askari wa hifadhi. Hifadhi ni ileile ambayo nimeambiwa imejaa.

Halafu kuna suala la pesa, ambalo kwenye ushauri huu husikilizwa kidogo mno. Tumezoea kudhani kwamba penye watu ni ghali na pasipo na watu ni rahisi. Ukitazama kiingilio peke yake, ni kweli, hifadhi za kusini na magharibi zinatoza pungufu. Ila kiingilio ndiyo sehemu ndogo ya safari. Gari la kukodi bei yake ni ileile, mpande wawili au mpande sita, na Arusha utawapata wa kuchangia nao. Ukishuka Mpanda ukitaka kwenda Katavi, utachangia na nani? Mahale ni boti ndefu kutoka Kigoma, au ndege ndogo ambayo hairuki kila siku. Kambi za huko huuza utulivu, na huuuza kwa dola. Nungwi, pamoja na ubaya wake wote, unapanda daladala Unguja mjini, unashuka, unapata chumba cha kawaida, unakula kwa mama ntilie nyuma ya mahoteli, bahari ni ileile ya aliyelipa dola mia tatu. Penye umati ndipo mwenye mfuko mwembamba hupata pa kujibanza. Hili sijawahi kulisoma katika orodha yoyote ya “sehemu zisizojulikana unazopaswa kutembelea”.

Na kuna jambo jingine ambalo mimi hulirudia hadi jamaa zangu wamenichoka. Katika hifadhi 21 zilizo chini ya Tanapa, shirika la hifadhi za taifa, zinazojilipia gharama zake zenyewe ni chache, na kwa miaka mingi zimekuwa za kaskazini, Kilimanjaro na Serengeti zikiwa mbele. Nyingine zimekuwa zikiishi kwa ziada ya hizo. Maana yake ni hii: askari anayelala porini Katavi akilinda viboko wanaojazana kwenye dimbwi la mwisho la kiangazi, buti lake, dizeli ya gari lake, sehemu kubwa ya mshahara wake, vimetoka kwa mgeni aliyepanga foleni kwenye geti la Naabi, Serengeti, au aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame nyuma ya wapagazi mia. Yule msafiri wa sehemu tulivu anayeidharau foleni ya Naabi, utulivu wake umelipiwa na foleni hiyo.

Tuliliona hili mwaka 2020. Watalii wa nje walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi kama 620,000. Serengeti ikawa tulivu kama wanavyoitaka watetezi wa utulivu. Pengo halikubaki Serengeti. Liliteremka mpaka kwenye hifadhi ambazo hata siku za neema hazijawahi kuona mgeni wa kutosha, maana zilichokuwa zikitegemea ni makombo ya meza kubwa. Sisemi kwamba mpango huu ni mzuri. Kutegemea hifadhi mbili kulisha nyingine zote ni kuweka mayai yote kwenye pakacha moja, na watetezi wa kusini wana hoja wanaposema tusambaze mzigo. Ninachosema ni kwamba mtu asijione amejitenga na umati kwa kuwa tu hauoni.

Sasa niwape wenzangu haki yao, na niwape kupitia Kilwa, kwa sababu ndiko nilikoshindwa kubishana nao.

Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, ni mahali ambapo Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331 na kuusifu mji. Mahali penye Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya mwamba kutazama bahari, na Msikiti Mkuu wenye kuba za mawe ya matumbawe. Nilichukua kibali Kilwa Masoko. Kitabu cha wageni kilikuwa kimefunguliwa ukurasa ambao aliyetangulia kusaini alipita siku nne kabla. Tulivuka kwa mashua, tanga limeshonwa kiraka cha gunia la mchele, maandishi ya kampuni ya mchele bado yanasomeka. Ndani ya msikiti tulikuwa watatu: mimi, muongozaji, na mbuzi aliyejitafutia kivuli. Unaweka kiganja kwenye nguzo, hakuna anayekuharakisha. Nimewahi kusimama Stone Town kwenye mlango wa nakshi nikisubiri makundi matatu yamalize kupiga picha. Tofauti yake siwezi kuificha.

Na pesa ya Kilwa unaiona ikienda. Kibali, muongozaji, mwenye mashua, mama aliyetukaangia changu na kutupikia wali wa nazi. Ukiacha kibali, mikono mitatu, yote ya palepale. Hoteli kubwa ya ufukweni inayouza kila kitu kwa kifurushi humlipa nani, hilo wakazi wa mashariki na kaskazini ya Unguja wanaliuliza kila siku. Shilingi moja Kilwa ina uzito ambao haina Nungwi. Hoja hii ni nzito, na kama ushauri wa “nenda pasipojulikana” ungekuwa umejengwa juu ya hoja hii, mimi nisingeandika. Ila mara nyingi umejengwa juu ya jambo jingine: raha ya kufika kabla ya wengine, na picha isiyo na kichwa cha mtu.

Na mahali tulivu pakianza kutafutwa kwa nguvu, kunaanza mambo yake. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa ajili ya kukuza utalii wa kusini, Ruaha na Mikumi zikiwemo. Wazo lilikuwa hilihili tunalolijadili: kaskazini kumeelemewa, tufungue kusini. Yakaja malalamiko ya wanavijiji wanaopakana na Ruaha, ya kuhamishwa, mifugo kukamatwa na watu kudhulumiwa. Aprili 2024 Benki ikasimamisha malipo. Novemba mradi ukafutwa. Pale ambapo mgeni huona “pori tupu”, mkulima wa mpunga wa Mbarali anaona jaruba lake.

Hapa mtu atanikamata, na ana haki. Kwani kaskazini hakuna waliohamishwa? Wapo. Wamaasai wa Ngorongoro waliopelekwa Msomera, mkoani Tanga, na vurugu za kuweka mipaka Loliondo Juni 2022, hayo hayakuwa Ruaha. Umaarufu nao una walioulipia kwa ardhi yao, tena kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kwenye suala hili sina ushindi wa kutangaza; nina tofauti moja tu. Kaskazini madhara yanajulikana, yana kesi, yana waandishi, yana wanaharakati waliokwishajua milango ya kugonga. Kijiji kisichojulikana kikipatwa na lake, kilio kinachelewa kufika mjini.

Rwanda wamechagua njia ya tatu, ya kufanya maarufu pawe patulivu kwa bei. Mei 2017 kibali cha kuwaona sokwe wa milimani kilipanda kutoka dola 750 hadi 1,500; kundi moja la sokwe kwa siku huona wageni wanane, saa moja, basi. Kenya nao wameipandisha Maasai Mara, tangu 2024 mgeni wa nje hulipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai mpaka Desemba. Inafanya kazi. Sokwe wanapumua. Lakini ni njia ya nchi iliyokubali kwamba kivutio chake ni cha wachache, na ingawa wananchi huwekewa bei yao, siipendi ikihamia kwenye mabasi ya wanafunzi.

Maana nimewaona hao wanafunzi. Naabi, saa nne asubuhi, basi la shule ya sekondari limeegeshwa katikati ya magari ya utalii, vumbi limewafanya wote rangi moja. Wazungu wanakula vya kwenye maboksi, wanafunzi wanagawana chapati na mayai, na kwezi wa manyoya ya buluu wanaruka kutoka meza hii kwenda ile bila ubaguzi. Walipopanda kilimani kutazama tambarare, walipiga kelele kiasi kwamba bibi mmoja mgeni alifunga kitabu chake akaondoka. Kwake yeye asubuhi ile ilikuwa imeharibika. Kwa mpangaji yeyote wa orodha za utulivu, wale watoto ndio msongamano wenyewe.

Mimi ningekuwa na nauli ya safari moja tu maishani ningekwenda walipokwenda wao, na mwenye nauli ya pili ningemwambia Kilwa. Anayeanza na Kilwa pia hajakosea, mradi asimcheke mwenzake.

Tukirudi Kilwa Masoko jioni ile nilimsifia mwenye mashua kwa utulivu wa kwao. Nilimaanisha. Alikuwa anakunja tanga, hakujibu mara moja. Kisha akaanza kunisimulia siku ambayo meli ya kitalii ilitia nanga: mashua zote zilikuwa majini, mpaka wavuvi waliacha nyavu wakapakia wageni, wake zao wakauza mikeka hadi ikaisha. Akaniuliza kama mimi wa mjini nina habari, nyingine inakuja lini.