Chuo kikuu kinachoishi kwa ada: idadi ya wanafunzi inapopanda, ni nini hasa kimekua?

Fungua ripoti ya mwaka ya chuo kikuu kinachojiendesha bila ruzuku ya serikali. Mara nyingi namba inayotangulia ni idadi ya wanafunzi, ikilinganishwa na ya mwaka uliopita. Zinafuata kozi mpya, jengo lililozinduliwa, na hati za makubaliano zilizotiwa saini na vyuo vya nje. Sina ugomvi na hayo yote, kwa kuwa kuna watu waliohangaika ili yatimie. Ninachohoji ni kama namba ile ya kwanza inastahili kukaa pale juu, na kama inatuambia kile tunachodhani inatuambia.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Chuo kina gharama zisizojali ukubwa wake: ithibati, ofisi ya usajili, mfumo wa mitihani, maktaba, maabara yenye vifaa vinavyotakiwa hata kama wanafunzi wake ni ishirini tu. Gharama hizo zikigawanywa kwa wanafunzi 800 ni mzigo. Zikigawanywa kwa 3,000 zinabebeka. Kisha lipo jambo ambalo wachumi William Baumol na William Bowen walilieleza mwaka 1966 walipochunguza sanaa za jukwaani: kazi inayotegemea muda wa binadamu hupanda gharama kila mwaka hata kama haijabadilika. Mhadhiri wa leo anasahihisha insha kwa muda uleule aliotumia mhadhiri wa miaka hamsini iliyopita, lakini mshahara wake lazima uende sambamba na wa kazi nyingine, la sivyo ataondoka. Kwa chuo cha umma, pengo hilo serikali inaweza kuliziba. Chuo kinachoishi kwa ada kina njia mbili kuu, kupandisha ada au kuongeza wanafunzi, na njia ya kwanza ina kikomo kinachofikiwa mapema. Kwa hiyo anayesema chuo cha namna hii lazima kikue hasemi hivyo kwa tamaa. Kikisimama palepale, kinadidimia.

Hadi hapo nakubaliana nao. Tunaachana kwenye namna ya kupima.

Chukua chuo kipya chenye shahada ya miaka minne, kinachodahili wanafunzi 500 kila mwaka bila kuongeza hata mmoja. Tuchukulie pia kwamba hakuna anayeacha masomo. Mwaka wa kwanza kina wanafunzi 500, wa pili 1,000, wa tatu 1,500, wa nne 2,000. Ripoti zitasema kimekua kwa asilimia 100, kisha 50, kisha 33, na hakuna atakayekuwa amedanganya. Lakini mahitaji ya watu kwa chuo hicho hayajasogea hata hatua moja. Kinachoonekana ni madarasa yanayojaa kutoka chini kwenda juu. Mwaka wa tano ukuaji unakuwa sifuri, na huenda kufikia hapo uongozi umeshakopa benki kujenga jengo la ghorofa sita kwa kuamini kwamba mstari utaendelea kupanda.

Sasa geuza hesabu. Mwaka mmoja wanaingia 300 badala ya 500. Wanaoingia wamepungua kwa asilimia 40, jambo la kumkosesha mtu usingizi, lakini jumla ya wanafunzi inashuka kutoka 2,000 hadi 1,800 tu, yaani asilimia 10. Ripoti itaiita changamoto ndogo ya mwaka. Wakati huohuo, pengo la watu 200 litapanda na darasa lao hadi mahafali, na chuo kitakosa ada za watu 200 kila mwaka kwa miaka minne. Jumla ya wanafunzi inaonyesha habari njema kwa kuchelewa na inaficha habari mbaya kwa muda mrefu, na bado tunaendelea kuiweka kwenye ukurasa wa kwanza.

Mwaka 1976 ulizaa vyuo viwili vinavyonisaidia kufikiri. Huko Uingereza, chuo cha Buckingham kilifunguliwa kikiwa na wanafunzi 65, bila ruzuku ya serikali, kikafundisha shahada kwa miaka miwili kwa kufupisha likizo, na kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1983. Marekani, mwaka huohuo, John Sperling alianzisha University of Phoenix kwa ajili ya watu wazima wenye kazi, kundi ambalo vyuo vingine havikulijali vya kutosha. Buckingham kimebaki chuo kidogo hadi leo, na kimewahi kuongoza katika utafiti wa kitaifa wa kuridhika kwa wanafunzi. Phoenix kilikua hadi kupita wanafunzi 400,000 mwaka 2010, kisha kikaporomoka na kuwa chini ya 200,000 kufikia 2016.

Ni rahisi kusema mdogo alishinda na mkubwa akashindwa, lakini hiyo ingekuwa dhuluma. Phoenix kiliwafikia wafanyakazi na wazazi wengi ambao wasingeweza kukaa darasani mchana, na udogo wa Buckingham maana yake ni kwamba watu wengi hawakupata nafasi hiyo. Anayekataa kukua naye ana watu anaowaacha nje ya geti. Tofauti ninayoiona iko kwenye kilichokuwa kinausukuma ukuaji. Phoenix kilikuwa mali ya kampuni iliyouza hisa sokoni, na soko la hisa linataka namba ya robo mwaka hii ipite ya robo iliyopita. Mwanafunzi anahitaji miaka. Saa hizo mbili haziendi pamoja.

Tena, hata neno kujitegemea linahitaji kuangaliwa vizuri. Sheria ya Marekani iliruhusu vyuo vya kibiashara kupata hadi asilimia 90 ya mapato yao kutoka kwenye mikopo na misaada ya wanafunzi inayotolewa na serikali kuu. Chuo kinapokea ada, mwanafunzi anabaki na deni, na serikali ndiyo inayotoa fedha. Kwenye hesabu za chuo hayo ni mapato yake mwenyewe, lakini sera ya mikopo ikibadilika unagundua mara moja nani alikuwa anakibeba. Kampuni ya Corinthian Colleges ilipofunga vyuo vyake vya mwisho Aprili 2015, baada ya serikali kubana fedha hizo, wanafunzi wapatao 16,000 walijikuta hawana pa kusoma. Huwa najiuliza ni wangapi kati yao waliowahi kuona grafu za ukuaji za miaka ya nyuma na kuzichukua kama ushahidi kwamba wako mahali salama.

Kuna pia jambo ambalo chuo hakina uwezo nalo kabisa: idadi ya vijana. Japani ilikuwa na vijana wa miaka 18 wapatao milioni 2 mwaka 1992. Leo ni kama milioni 1.1. Huko vyuo binafsi ndivyo vinavyofundisha takribani robo tatu ya wanafunzi wote, na mwaka 2024 zaidi ya nusu ya vyuo hivyo havikujaza nafasi zao. Baadhi vinaendeshwa vizuri sana. Vilichokosa ni watoto waliopaswa kuzaliwa miaka 18 kabla.

Makerere nayo inafaa kutajwa, ingawa ni chuo cha umma. Ilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia miaka ya 1990, idadi ilipanda kutoka maelfu machache hadi zaidi ya 30,000 katika muongo uliofuata. Benki ya Dunia ilisifu, na msomi wa Uganda Mahmood Mamdani alikosoa vikali, akisema soko lilikuwa limeingia ndani ya mtaala wenyewe na idara zikagombania kozi zinazouzika. Nadhani wote wawili waliona kitu cha kweli. Fedha zile zilikiokoa chuo kilichokuwa na njaa, na fedha zilezile zikaanza kuamua kifundishwe nini.

Kwa hiyo mimi ningependa chuo kinachoishi kwa ada kikue, ila polepole kuliko fedha zake zinavyoruhusu. Mhadhiri wa kudumu aajiriwe kabla kozi haijatangazwa. Mtindo wa kutangaza kozi kwanza na kutafuta wahadhiri wa muda wiki ya mwisho unapendeza kwenye mizania, na anayeulipia ni mwanafunzi, anapohitaji barua ya utambulisho na kukuta mwalimu aliyemfundisha ameshahamia vyuo vingine vitatu. Najua kuna gharama. Mshindani asiyesubiri atachukua waombaji wa mwaka huo, na chuo kinachojibana sana kwa kozi mbili tatu kinaweza kuangushwa na msimu mmoja mbaya. Hatari hiyo ni ya kweli. Naiona ndogo kuliko ile nyingine kwa sababu moja: darasa lililokosa kufunguliwa mwaka huu linaweza kufunguliwa mwaka ujao, ilhali kijana aliyefungiwa kozi akiwa mwaka wa tatu harudishiwi miaka yake.

Kama mzazi au mwombaji anaweza kuuliza mambo machache tu kabla ya kulipa, namshauri aache kuuliza chuo kina wanafunzi wangapi. Aulize kati ya walioingia mwaka jana ni wangapi wamerudi mwaka wa pili. Aulize wahadhiri wangapi wa kozi anayoitaka wana ajira ya kudumu hapo. Na kama hesabu zilizokaguliwa zinapatikana, atafute mstari wa akiba, auweke pembeni ya mishahara ya mwaka mzima, aone ingetosha miezi mingapi ikitokea muhula mmoja ada hazikuingia.