Rodney wa beleshi na matope

Mtaje Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, nchi ya Amerika Kusini, popote Dar es Salaam panapozungumzwa historia, utatajiwa kitabu kimoja. Ni haki: How Europe Underdeveloped Africa alikiandika hapahapa akifundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikatoka 1972. Nami nakipenda. Ila sikubali kwamba ndicho kilele chake, na inaniuma mwanahistoria wa kiwango kile kugeuzwa mtu wa kunukuliwa mikutanoni tu.

Rodney alikuwa mtu wa nyaraka kwanza. Shahada ya uzamivu, aliyoipata London mwaka 1966 akiwa na miaka 24, ilimpeleka hadi kwenye kumbukumbu za Wareno na Wahispania kutafiti biashara ya watumwa katika pwani ya Guinea ya Juu, Afrika Magharibi.

Ukomavu wake wote umo katika kitabu kuhusu wafanyakazi wa Guyana kati ya 1881 na 1905, kilichotoka 1981, mwaka mmoja baada ya yeye kuuawa kwa bomu mjini Georgetown. Anaanzia kwenye matope. Pwani ya Guyana iko chini ya bahari maji yakijaa. Bila kingo na mitaro, muwa hauoti. Anatuwekea hesabu mezani: kila maili ya mraba ya miwa ilidai maili 49 za mitaro ya kutolea maji na maili 16 za mifereji ya usafiri na umwagiliaji. Udongo uliohamishwa haupungui tani milioni 100. Ulihamishwa na Waafrika watumwa, beleshi mkononi, miguu ndani ya tope. Ukishasoma kurasa hizo, huwezi tena kusema pwani ile ilijengwa na mabwana shamba wa Kizungu.

Kisha anawaleta Wahindi walioingizwa kwa mikataba baada ya utumwa kukomeshwa, na anaonyesha jinsi wenye mashamba walivyowatumia kushusha ujira wa Waafrika. Haufichi uhasama uliozuka, lakini hakubali kuuita chuki ya damu. Anaufuata hadi kwenye malipo na ardhi. Haya aliyaandika huku serikali imemzuia kufundisha chuo kikuu cha kwao, na siasa za nchi zikiendeshwa kwa kuwatenganisha Mwafrika na Mhindi. Chama alichokipigania, Working People's Alliance, kiliwaweka wote wawili jukwaa moja.

Ombi langu kwa wahadhiri wa historia: wapeni wanafunzi wa mwaka wa kwanza sura ile ya matope, waisome yote, kabla hamjawapa nukuu za 1972.