Chenga kidogo zibaki

Ukumbi wa harusi hapa Goma, ikifika saa tatu usiku, huwa na mwanga wa aina tatu: taa za rangi za mpiga muziki, balbu chache zinazotegemea jenereta, na simu za wageni. Mpiga picha hana njia ila kupandisha ISO, yaani kipimo cha kamera cha kukuza mwanga ilioupokea, hadi 6400 na kufungua lenzi kadiri inavyoruhusu, na kesho yake, picha zikifunguliwa kwenye kompyuta, suti nyeusi ya bwana harusi imejaa chenga, yaani vitone visivyokuwepo ukumbini, nyekundu na za kijani. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu kazi. Tunapandisha kipimo cha kupunguza chenga mpaka mwisho, uso wa bibi harusi unakuwa laini kama mshumaa. Kisha, kwa kuwa picha imelegea, tunapandisha na kipimo cha kunoa, na kope zake zinazungukwa na mstari mweupe ambao hakuna aliyeuona ukumbini. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Sasa naamini kwamba programu hizi za kupunguza chenga na kunoa tunazitumia kupita kiasi, na kwamba uso wa mtu ndio mahali pa kwanza pa kuzizuia.

Tatizo linaanza kwa kutojua chenga zinatoka wapi. Mwanga hufika kwenye kamera kwa chembechembe ziitwazo fotoni, nazo hazifiki kwa mpangilio. Anayekinga maji ya mvua, kama tunavyofanya katika mitaa mingi ya mji huu, ameliona jambo hili: matone ya kwanza yakianguka, beseni moja lina matone matatu na jirani yake lina saba, lakini mvua ikinyesha kwa nguvu mabeseni yote yanalingana. Pikseli, yaani nukta moja ndogo ya picha, ikipokea fotoni 100, hesabu hiyo huyumba kwa takriban 10, yaani sehemu moja ya kumi. Ikipokea 10,000, huyumba kwa takriban 100, yaani asilimia moja tu. Kwa hiyo uchache wa mwanga ndio mama wa chenga, na ISO hukuza tu kile kilichoingia, kizuri na kibaya pamoja. Wako wenzangu wanaoiogopa ISO kiasi kwamba wanapiga picha yenye giza makusudi na kuiangaza baadaye kwenye kompyuta. Picha hizo mara nyingi hutoka na chenga nyingi zaidi, kwa sababu mwanga walioukosa ukumbini hauwezi kurudishwa na programu yoyote.

Chenga zenyewe si za namna moja, na hili ningependa kila kijana anayeanza kazi alishike mapema. Kamera nyingi bado zinatumia mpangilio wa vichujio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: nusu ya pikseli huona kijani, robo nyekundu, robo buluu, na rangi mbili zinazokosekana kila mahali hukisiwa kutoka kwa majirani. Katika giza makisio hayo hukosea, na ndiyo maana tunaona madoa ya rangi juu ya kitambaa cheusi. Jicho la binadamu halioni vizuri mabadiliko madogo ya rangi kama linavyoona mabadiliko ya mwanga na kivuli, hivyo madoa hayo yanaweza kuondolewa bila hasara kubwa. Chenga za mwanga ni jambo lingine, kwa kuwa zimekaa palepale penye ngozi, nyuzi za kitenge na nywele. Waliotengeneza Lightroom, programu ya kuhariri picha, walilielewa hili: kwa kawaida picha ya RAW, yaani faili ghafi la kamera, hufunguka humo ikiwa na kipimo cha kupunguza chenga za rangi kwenye 25 na cha chenga za mwanga kwenye 0. Mimi cha mwanga sikipitishi 20 ila kwa sababu nzito.

Na sisi tuna sababu yetu ya kuwa waangalifu. Ngozi nyeusi katika ukumbi wenye giza hurudisha mwanga mdogo, hivyo uso wetu hukaa katika sehemu ya picha ambako chenga ni nyingi, na programu haina namna ya kujua ipi ni chenga na lipi ni tundu la ngozi au mkunjo wa kicheko. Ikisafisha kwa nguvu, wanaopoteza zaidi ni sisi. Jambo hilohilo hutokea kwa kuta za mawe ya volkano zilizojaa mjini: vitundu vya jiwe hilo vinafanana sana na chenga, na baada ya kusafishwa ukuta uliojengwa kwa mawe ya Nyiragongo unaonekana kama umepakwa lami.

Picha iliyonibadilisha ilikuwa ya matanga. Familia moja iliniletea picha ya kijana wao aliyefariki, picha ndogo iliyopita katika simu nyingi hadi ikabaki miraba miraba, nao walitaka iwekwe juu ya jeneza na kuchapwa kwenye fulana. Niliiingiza katika programu mojawapo ya zile zinazojenga upya nyuso kwa kuwa zimefundishwa kwa picha za nyuso nyingi. Baada ya dakika moja nilipata macho meupe, meno yaliyonyooka na ngozi isiyo na doa, nikaona nimewafanyia wema. Mama yake aliishika picha ile muda mrefu, akasema kwa sauti ya chini: «Papa, huyu si mtoto wangu.» Kijana alikuwa na kovu linalokata nyusi ya kushoto, alilolipata akiwa mdogo, na programu ilikuwa imelihesabu kama uchafu. Nilimwomba msamaha, nikarudi kwenye picha ya awali, nikatuliza madoa ya rangi peke yake na kuichapa kwa kipimo kidogo zaidi. Ilikuwa na chenga. Kovu lilikuwepo.

Tangu siku hiyo nazitenganisha programu hizi kwa swali moja: ikikosea, inakosea vipi? Njia za zamani zinatafuta wastani kati ya pikseli na jirani zake. Ile iliyoelezwa mwaka 2005 na Buades, Coll na Morel hutafuta vipande vinavyofanana katika picha nzima na kuvilinganisha. Zikizidishwa, zinatoa uso wa nta, lakini nta ya mtu yuleyule. Zile zinazojenga nyuso zikikosea zinaleta mtu mwingine, na kosa lenyewe linapendeza, kwa hiyo halionekani na asiyemfahamu mwenye uso. Kati ya hizo mbili iko kazi kama Denoise, ambayo Adobe iliiongeza katika Lightroom mwezi Aprili 2023. Naitumia kwa picha za RAW za harusi, nikiwa nimepunguza nguvu yake, lakini inachosha kompyuta, na umeme ukikatika katikati ya picha mia tatu betri ya kompyuta haifiki mbali. Asiye na fedha za kulipia programu kila mwezi asijione mnyonge: darktable na RawTherapee ni za bure, zinafanya kazi bila intaneti, na darktable ina vipimo vya chenga vya kamera nyingi, kila moja kwa ISO yake.

Kuhusu kunoa nitasema kwa ufupi. Kunoa hakuongezi kitu ambacho lenzi haikukiona. Kunazidisha tofauti ya mwanga na giza kwenye kingo tu. Mafundi wa filamu walikuwa wakitengeneza nakala yenye ukungu na kuilaza pamoja na negativu ili kingo zijitokeze, na programu zetu zinafanya hesabu ya kazi hiyohiyo. Picha iliyotikisika haiponi kwa njia hii. Chenga ziondolewe kwanza, la sivyo ni chenga utakazonoa. Upana wa kunoa usipite pikseli moja kwa uso. Macho, midomo na shanga vinolewe, mashavu yafunikwe kwenye programu yasinolewe.

Kunoa kwa mwisho kufanywe baada ya picha kupewa kipimo chake cha kuchapwa, na hapa ndipo wateja wangu wanaposhangaa. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ikichapwa kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15, kwa nukta 300 kwa inchi, inabaki na pikseli 1800 kwa 1200 hivi. Kila pikseli ya karatasi imetokana na pikseli kama 11 za awali, na wastani huo peke yake unashusha chenga hadi karibu theluthi moja. Chenga tunazopigana nazo usiku kucha, tukiwa tumeikuza picha mara mbili kwenye kioo cha kompyuta, nyingi zisingefika kamwe kwenye albamu.

Usiku ambao sina harusi huenda kandokando ya Ziwa Kivu kupiga picha za taa za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hilo. Naweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu na kupiga picha 16 mfululizo, kwa sababu zikichanganywa kwa wastani chenga za anga na za milima hushuka hadi robo bila programu kukisia chochote. Mitumbwi, hata hivyo, haitulii. Ukiichanganya inafutika pamoja na watu waliomo. Kwa hiyo mbingu naichukua kutoka katika picha zote 16, na wavuvi nawachukua kutoka katika picha moja tu, pamoja na chenga zote zilizo juu ya maji yanayowazunguka.